Je, Wapinzani wa Poland Waliiuza Nchi Yao Mezani?

*"Ninafundisha Historia kidato cha sita, na mwezi ujao wanafunzi wangu watafanya mdahalo kuhusu kuanguka kwa ukomunisti Ulaya Mashariki. Wengi wao wanaamini kwamba Gorbachev, kiongozi wa Muungano wa Kisovieti, ndiye aliyezipa nchi zile uhuru wao, na kwamba watu waliingia barabarani kwa wiki chache tu, ukuta wa Berlin ukaanguka. Kijana mmoja, ambaye babu yake aliwahi kuwekwa kizuizini kwa sababu za kisiasa, alisimama akasema kwamba viongozi wa upinzani wa Poland walikuwa wasaliti, kwa sababu walikaa meza moja na watu waliowafunga, kisha wakamwachia jenerali yuleyule awe rais. Sikuwa na jibu la kumpa. Je, kuna ukweli katika anayosema? Na ni funzo gani niwape vijana bila kuwadanganya kwamba amani huja kirahisi?"*

Mwalimu mwenzangu, nimelisoma swali lako mara mbili, na naona kwamba linalokukosesha usingizi ni yule kijana. Majina na tarehe yamo vitabuni, lakini mtu anayeuliza kama kukaa chini na mfungaji wa babu yake ni usaliti hawezi kuridhishwa na tarehe. Hata hivyo nitaanza na historia yenyewe, kwa sababu hukumu aliyoitoa inategemea mambo ambayo masimulizi mafupi ya mwaka 1989 huyaruka, kisha nitamrudia yeye.

Kuhusu Gorbachev, wanafunzi wako wameshika nusu ya ukweli. Majeshi ya Kisovieti yalikuwapo Poland tangu Vita Kuu ya Pili, na kila Mpoland mtu mzima alikumbuka jinsi vifaru vya Kisovieti vilivyoingia Budapest, Hungary, mwaka 1956 na Prague, Czechoslovakia, mwaka 1968. Desemba 1988 Gorbachev alipouhutubia Umoja wa Mataifa na kusema kwamba kila taifa lina haki ya kujichagulia njia yake, huku akitangaza kupunguza majeshi yake, aliondoa hofu iliyokuwa imewafunga watu mikono kwa miaka 40. Lakini kuondoa kizuizi mlangoni ni jambo moja, na kuwa na watu walio tayari kupita ni jambo jingine. Moscow ilikuwa ileile kwa wote, lakini Hungary ilibadilika kwa mazungumzo, Czechoslovakia kwa maandamano na mgomo mkuu wa tarehe 27 Novemba 1989, na Romania kwa risasi zilizoua zaidi ya watu 1,000 kabla na baada ya mtawala wake, Ceaușescu, kupigwa risasi siku ya Krismasi. Tofauti hiyo haiwezi kuelezwa kwa kumtazama mtu mmoja aliyekaa Kremlin. Lazima tutazame kila nchi ilikuwa na nini ndani yake.

Ndani ya Poland kulikuwa na miaka mingi ya kushindwa, na hapa ndipo ningekuomba uwakalishe vijana wako kwa muda mrefu kuliko popote pengine. Desemba 1970 wafanyakazi wa miji ya pwani, Gdańsk, Gdynia na Szczecin, waliacha kazi kwa hasira ya bei za vyakula, wakamiminika barabarani, na huko Gdańsk jengo la makao makuu ya chama tawala cha kikomunisti likachomwa moto. Jeshi likafyatua risasi, na zaidi ya watu 40 wakafa. Miaka kumi baadaye, Agosti 1980, kiwanda cha meli cha Gdańsk kiligoma tena, baada ya mwendesha winchi aliyeitwa Anna Walentynowicz kufukuzwa kazi akiwa amebakiza miezi michache kustaafu. Safari hii hawakutoka. Walifunga mageti na kubaki ndani, wakapiga marufuku pombe katika eneo lote la kiwanda, wakachagua kamati, wakaandika madai 21 na kuyatundika hadharani. Waliokuwa wamezika wenzao walijua kwamba barabarani ndiko serikali ilikowataka, kwa sababu huko mwenye bunduki ndiye mwenye nguvu, ilhali ndani ya kiwanda mwenye nguvu ni yule ambaye bila yeye meli haijengwi.

Kuna jambo jingine lililotokea katikati ya tarehe hizo mbili. Mwaka 1976 wafanyakazi waliogoma huko Radom na Ursus walipopigwa na kufungwa, kikundi kidogo cha wanasheria, waandishi na wahadhiri kiliunda Kamati ya Kuwatetea Wafanyakazi. Walihudhuria kesi, wakachanga fedha kwa ajili ya familia za waliofungwa, na wakachapisha majina yao wenyewe pamoja na anwani zao, ili mtu mwenye shida ajue wapi pa kubisha hodi. Kabla ya hapo msomi na mfanyakazi walikuwa hawasikilizani. Wanafunzi walipopigwa mwaka 1968 wafanyakazi walikaa kimya, na wafanyakazi walipouawa mwaka 1970 wasomi wengi nao walikaa kimya. Kwa hiyo chama cha wafanyakazi cha Solidarność, jina ambalo maana yake ni Mshikamano, kilipozaliwa mwaka 1980 na kufikia takriban wanachama milioni 10 katika nchi ya watu wapatao milioni 36, kilisimama juu ya miaka minne ya kuaminiana iliyojengwa mahakamani na majikoni mwa watu. Mimi naamini hiyo ndiyo sehemu ya habari hii yenye thamani kubwa kuliko zote, na ndiyo inayosimuliwa kidogo kuliko zote.

Baadaye ikaja adhabu. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Desemba 1981 Jenerali Wojciech Jaruzelski, mkuu wa serikali na wa chama tawala, alitangaza utawala wa kijeshi, simu zikakatwa, vifaru vikapita kwenye theluji, maelfu ya wanachama wakakusanywa na kuwekwa kizuizini. Katika mgodi wa makaa wa Wujek wachimbaji 9 waliuawa. Mwaka 1984 padre Jerzy Popiełuszko, aliyekuwa akiwaombea wafanyakazi waziwazi, alitekwa na kuuawa na maofisa wa usalama. Pamoja na hayo yote, wingi wa watu haukushika silaha. Walichapa magazeti ya siri, wakasambaza vitabu chini ya makoti, wakakutania makanisani. Ni kweli kwamba imani ilichangia, hasa baada ya ziara ya Papa Yohane Paulo wa Pili, Mpoland mwenzao, mwaka 1979. Lakini hesabu pia ilichangia: walijua kwamba bomu la kwanza lingeipa serikali sababu iliyokuwa ikiitafuta.

Kufikia mwaka 1988 pande zote mbili zilikuwa zimechoka. Serikali ilikuwa na deni la nje la takriban dola bilioni 40, maduka yalikuwa matupu, na kura ya maoni iliyoitishwa mwishoni mwa mwaka 1987 ili kupata ridhaa ya wananchi kwa mageuzi ya uchumi ilishindwa kupata kura za kutosha. Solidarność nayo haikuwa tena na mamilioni yake. Wengi walikuwa wamekata tamaa, na migomo ya mwaka huo iliendeshwa zaidi na vijana. Mwishoni mwa Agosti waziri wa mambo ya ndani, Jenerali Czesław Kiszczak, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa waliowafunga, alipendekeza mazungumzo, na Lech Wałęsa, kiongozi wa Solidarność, akatakiwa kwanza aisimamishe migomo. Akawashawishi wachimba makaa wa Jastrzębie wamalize mgomo wao, kwa tabu kubwa, na wengine wakimzomea.

Mweleze yule kijana atafakari hapo. Mtu mwenye uwezo wa kuwatoa watu barabarani tu ana nusu ya nguvu. Anayeheshimiwa mezani ni yule anayeweza pia kuwarudisha, na watu wakarudi kwa kumwamini. Serikali yoyote huuliza swali moja kabla ya kukubali kuzungumza: nikikubaliana na huyu, watu wake watalitii neno lake? Kule Poland jibu lilikuwa ndiyo, ingawa kwa shida. Huko Romania hapakuwa na mtu wa kuulizwa, kwa sababu polisi wa siri hawakuwa wameacha kikundi chochote kikue.

Mazungumzo ya Meza ya Duara yalifunguliwa Warsaw tarehe 6 Februari 1989 na kumalizika tarehe 5 Aprili. Meza yenyewe, iliyotengenezwa maalumu na yenye upana wa karibu mita 9, ilitumika hasa siku za ufunguzi na kufunga. Kazi ilifanyika katika meza ndogo za uchumi, siasa na vyama vya wafanyakazi, na mambo magumu yakapelekwa kwenye nyumba ya serikali huko Magdalenka, nje ya jiji, ambako mapadre waliwakilisha Kanisa kama mashahidi. Makubaliano hayakuwa demokrasia. Solidarność ilirudishiwa uhalali wake; katika bunge la viti 460, asilimia 65 zilitengwa kwa chama tawala na washirika wake, na asilimia 35 tu, yaani viti 161, zikagombewa kwa uhuru; Seneti mpya ya viti 100 ikagombewa yote kwa uhuru; na urais ukaundwa, kila mtu akijua kwamba umeshonwa kwa kipimo cha Jaruzelski. Ukisikia hivyo unaweza kumwelewa anayesema wameuza nchi. Ila palikuwa na sharti moja ambalo wakosoaji husahau kulitaja: mgawanyo huo ulikuwa wa uchaguzi mmoja tu, na bunge litakalofuata lingechaguliwa kwa uhuru kamili. Makubaliano mabaya yenye siku ya mwisho ni kitu tofauti kabisa na makubaliano mabaya yasiyo na mwisho.

Uchaguzi ulifanyika tarehe 4 Juni 1989, siku ileile ambayo jeshi la China lilikuwa likiwaua waandamanaji Beijing, na picha zile zilionekana Poland pia. Baada ya duru mbili Solidarność ilikuwa imechukua viti vyote 161 ilivyoruhusiwa kugombea na 99 kati ya 100 vya Seneti. Orodha ya kitaifa ya vigogo 35 wa serikali, ambao hawakuwa na mpinzani na walihitaji nusu ya kura tu, ilikatwa na wapiga kura kwa kalamu, na wawili pekee wakapita.

Sasa, Mwalimu, fikiria usiku ule. Ukishinda kiasi hicho, na mkataba uliousaini ukiwa umekuachia pungufu, utafanya nini? Vile viti 33 vilivyobaki wazi vilimaanisha kwamba serikali haipati asilimia 65 ilizoahidiwa. Wafuasi walisema wananchi wameshasema, mkataba umekufa. Viongozi wa Solidarność walikubali sheria ya uchaguzi ibadilishwe kabla ya duru ya pili ili upande wa serikali uvijaze viti hivyo. Uamuzi huo uliwaudhi wengi, na katika duru ya pili walijitokeza takriban robo tu ya wapiga kura. Julai bunge lilipomchagua rais, Jaruzelski alipita kwa kura 270, kura moja tu zaidi ya zilizohitajika, na alipita kwa sababu wabunge kadhaa wa Solidarność waliziharibu kura zao kwa makusudi. Huyo ndiye jenerali ambaye mwanafunzi wako anasema walimwachia urais, na ndivyo hasa ilivyotokea.

Lakini tazama walichokinunua. Majenerali, polisi na maofisa wa chama, wote wakiwa na silaha bado, walishuhudia kwamba hawa watu hushika neno lao hata linapowaumiza. Wiki chache baadaye vyama vidogo viwili vilivyokuwa vikiitikia kila la chama tawala kwa miaka 40 vilihamia upande wa Solidarność, na tarehe 24 Agosti Tadeusz Mazowiecki, mwandishi Mkatoliki ambaye naye aliwahi kuwekwa kizuizini, akawa waziri mkuu wa kwanza asiye mkomunisti katika kambi yote ya Kisovieti. Wizara za ulinzi na mambo ya ndani zilibaki kwa majenerali hadi Julai 1990. Desemba mwaka huo Wałęsa alichaguliwa rais kwa kura za wananchi, na Jaruzelski akaondoka ikulu bila risasi hata moja.

Je, gharama ilikuwa ndogo? Haikuwa ndogo, na ukiificha mbele ya wanafunzi wako utakuwa umempa yule kijana haki ya kutokuamini. Katika miezi ambayo idara ya usalama ilikuwa bado mikononi mwa wakubwa wale wale wa zamani, majalada mengi yalichomwa moto, na familia nyingi hazitajua kamwe nani aliwasaliti. Waliofyatua risasi Wujek walipata hukumu ya mwisho mwaka 2008, zaidi ya miaka 25 baadaye. Baadhi ya wakubwa wa zamani waligeuka wamiliki wa mali ambazo jana yake zilikuwa za umma. Mpango wa uchumi ulioanza tarehe 1 Januari 1990 ulipunguza mfumuko mkubwa wa bei na kujaza maduka, lakini pia ulifunga mashamba ya serikali na viwanda, na kufikia mwisho wa mwaka 1993 zaidi ya asilimia 16 ya wafanyakazi hawakuwa na ajira, wakiwamo wale waliogoma kuuleta uhuru huo. Mazowiecki alisema katika hotuba yake ya kwanza kwamba anapiga mstari mnene kuyatenga yaliyopita, akimaanisha kwamba serikali yake itawajibika kwa matendo yake yenyewe. Maneno hayo yakageuzwa kuwa ahadi ya kuwasamehe wote, na siasa za Poland zinaugombea mstari huo hadi leo. Sheria ya kuwataka viongozi watangaze kama walishirikiana na polisi wa siri ilipatikana mwaka 1997. Mimi naona ilichelewa, na kwamba kuchelewa huko kuliwapa watu wenye nia mbaya nafasi ya kutumia tuhuma kama fimbo.

Tena, kijana wako hayuko peke yake. Anna Walentynowicz, yule ambaye kufukuzwa kwake ndiko kulikoanzisha mgomo wa Gdańsk, aliyapinga mazungumzo hayo na hakubadili msimamo. Huwezi kumwita mwoga wala mjinga. Ninachomjibu yeye, na ninachomjibu mwanafunzi wako, ni kwamba neno usaliti lingekuwa sahihi kama waliokaa mezani wangeuza haki ya wananchi ya kuwaondoa. Walichokitoa kilikuwa viti, muda na adhabu. Haki ya kuwaondoa hawakuitoa, na wananchi waliitumia. Mwaka 1993 wapiga kura waliochoshwa na ugumu wa maisha waliwarudisha wakomunisti wa zamani bungeni kwa wingi, na mwaka 1995 Aleksander Kwaśniewski, aliyekaa upande wa serikali katika Meza ya Duara, alimshinda Wałęsa katika uchaguzi wa rais. Wałęsa aliuma meno, akaondoka. Wakati huohuo Romania, iliyomwaga damu, ilimpata Ion Iliescu, ambaye naye alikuwa mkubwa wa chama siku za nyuma. Damu haikuinunulia nchi ile mwanzo ulio safi zaidi.

Haki inanilazimisha niongeze kwamba waliokuja nyuma walipata masharti mazuri zaidi. Hungary ilijadiliana kati ya Juni na Septemba 1989, ikafanya uchaguzi huru kabisa mwanzoni mwa mwaka 1990, ilhali Wapoland, waliotangulia, walilisubiri bunge lililochaguliwa kwa uhuru kamili hadi Oktoba 1991. Anayevuka mto wa kwanza hajui kina chake. Februari 1989 hakuna aliyekaa Warsaw aliyejua kwamba Novemba ukuta wa Berlin ungefunguliwa, nasi tusiwahukumu kana kwamba walijua.

Wanafunzi wako watauliza kuhusu kwetu, na ni vyema ulinganishe kwa uangalifu. Tanzania haikuwa nchi ya kikomunisti wala haikukaliwa na jeshi la kigeni, na vyama vingi havikuletwa na mgomo. Tume ya Jaji Nyalali iliyoundwa mwaka 1991 iliwasikia wananchi, takriban asilimia 77 wakataka chama kimoja kiendelee, na tume ikapendekeza vyama vingi hata hivyo. Sheria ikabadilishwa mwaka 1992. Kule Kenya kifungu cha 2A cha katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, kilifutwa Desemba 1991 baada ya msukumo wa ndani na nje. Poland upinzani ulikomaa kabla ya mlango kufunguliwa. Tanzania mlango ulifunguliwa kwanza, na vyama vikaanza kukua baadaye. Hilo peke yake linatosha kuwa mada ya mdahalo wa pili.

Sasa nirudi kwa kijana. Kuna sehemu ya swali lake ambayo mimi siwezi kuijibu kwa maandishi, na wewe usijaribu kuijibu mbele ya darasa. Kuthibitisha kwamba mazungumzo yaliiokoa nchi fulani si sawa na kumwambia mtu asamehe kwa niaba ya babu yake. Zungumza naye peke yake kabla ya siku ya mdahalo, umweleze kwamba kusema mazungumzo yalikuwa ya lazima hakufuti kosa la mfungaji. Kama babu yuko hai na familia inaridhia, kijana amwendee amsikilize, bila daftari mara ya kwanza. Ukiona mambo hayo yanamtoa machozi, yanamnyima usingizi au yanamfanya ajitenge, mpeleke kwa mwalimu wa ushauri nasaha au mtaalamu wa afya ya akili katika hospitali iliyo karibu nanyi. Na kama familia inataka kujua kumbukumbu rasmi zinasema nini juu ya kizuizi kile, mwanasheria anayetoa msaada wa kisheria atawaongoza vizuri kuliko mwalimu wa historia, mimi nikiwamo.

Siku ya mdahalo, usimpangie upande wa kutetea mazungumzo ili ajifunze, wala upande wa kuyapinga kwa sababu tayari anaamini hivyo. Mpe nafasi ya Juni 1989, usiku ule wa viti 33, pamoja na wenzake wanne, na uwaache waamue wenyewe kama watavitoa au watakataa, kabla hujawasomea kilichotokea.